Ng'ombe wa Chuma Hatoi Maziwa

Kwenye fomu ya pendekezo la utafiti wa shahada ya uzamili kuna sehemu inayoitwa "Umuhimu wa utafiti kwa jamii". Mwaka jana niliijaza kwa uongo. Niliandika kwamba utafiti wangu "utachangia tiba ya saratani na kuchochea uchumi wa viwanda". Sikuamini hata neno moja, na nina hakika wanajopo waliokaa upande wa pili wa meza nao hawakuamini. Lakini sentensi ile ilihitajika ili sote tuendelee na ratiba ya siku.

Haikusaidia. Mmoja wao alivua miwani, akaniuliza swali ambalo kila anayesoma sayansi za msingi katika nchi hii ameshaulizwa: "Sasa binti, hii inamsaidia nini mwananchi wa kawaida wa huko kwenu?"

Huko kwetu ni Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, mkoani Kagera, mahali ambapo ukivuka mto uko Uganda au Rwanda. Nilijibu kwa kurudia sentensi ya saratani, kwa sauti ya chini zaidi. Jopo likanirudishia pendekezo: badilisha mada au tafuta "matumizi". Makala haya ni jibu nililopaswa kutoa siku ile.

Ninachosoma ni hiki. Kiini cha atomu kina protoni na nyutroni. Protoni zote zina chaji chanya, kwa hiyo zinasukumana. Nyutroni husaidia kuzishikilia pamoja. Urani iliyomo ardhini, kama ile ya Namtumbo kule Ruvuma, karibu yote ina protoni 92 na nyutroni 146. Ni kiini kizito lakini kimetulia: nusumaisha yake, yaani muda wa nusu ya viini kuoza, ni kama miaka bilioni 4.5. Sasa punguza nyutroni. Ondoa 24. Protoni zimebaki zilezile 92, zinasukumana vilevile, lakini wasuluhishi wamepungua. Hiyo ni urani-214. Mwaka 2021 watafiti wa Taasisi ya Fizikia ya Kisasa huko Lanzhou, China, walitangaza kwamba wameitengeneza. Walirusha viini vya arigoni-36 kwenye shabaha ya wolframu-182, na katika migongano isiyohesabika wakapata viini viwili vya urani-214. Viwili tu. Nusumaisha yake ni kama nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Kiini hicho hufa kwa kutoa alfa: fungu la protoni mbili na nyutroni mbili zilizoshikana. Kwa fizikia ya zamani alfa isingeweza kutoka, maana imezungukwa na ukuta wa nishati mrefu kuliko uwezo wake wa kuruka. Mwaka 1928 George Gamow, na kwa upande wao Ronald Gurney na Edward Condon, walionyesha kwamba alfa hairuki ukuta; inaupenya. Uwezekano wa kupenya ni mdogo mno, na unabadilika kwa namna inayotisha nishati ikiongezeka kidogo. Alfa ya poloni-212 ina nishati mara mbili na ushee ya ile ya thori-232. Tofauti hiyo tu inatosha kuifanya thori iishi miaka bilioni 14 wakati poloni inaishi chini ya sehemu moja ya milioni ya sekunde. Nilipokuwa mwaka wa pili na kukokotoa uwiano wa nyakati hizo mbili kwa mkono wangu, nikapata namba 1 ikifuatiwa na sifuri 24, niliweka kalamu chini. Nilidhani nimekosea. Sikuwa nimekosea.

Lakini kuna kitu kimebaki. Kabla alfa haijapenya, lazima kwanza iundike ndani ya kiini: protoni mbili na nyutroni mbili ziungane miongoni mwa mia mbili na zaidi. Inaundika kwa urahisi gani? Wale wa Lanzhou waligundua kwamba katika urani nyepesi kabisa alfa huundika kwa urahisi kuliko mwelekeo wa viini vingine ulivyotabiri. Wakapendekeza kwamba chanzo ni mvutano mkubwa kati ya protoni na nyutroni zinazokalia ngazi fulani za nishati. Je, hesabu zinakubali? Je, jambo hilohilo linaonekana kwenye radoni, fransi na radi nyepesi? Hilo ndilo swali langu. Sihitaji mashine ya mabilioni. Nahitaji majedwali ya uzito na nusumaisha za viini, ambayo yamewekwa wazi kwa dunia nzima, kompyuta yangu ya mkononi iliyovunjika bawaba, na kifurushi cha intaneti.

Nimelieleza swali hilo mbele ya jopo na nimelieleza nyumbani, na tofauti ya mapokezi ndiyo iliyonifanya niandike.

Nyumbani nilianza na mama. Aliposikia neno "kuoza" akaacha kugeuza kahawa kwenye turubai. "Miaka yote hiyo umesomea vitu vilivyooza?" Tukacheka. Kisha akauliza kama kazi hiyo ina mionzi itakayoniharibia uzazi. Nikamwambia ni hesabu tu, akaridhika. Mama ndiye aliyelipa muhula wangu wa kwanza. Aliulipa kwa butura. Kwa msiyetoka Kagera: butura ni kuuza kahawa ikiwa bado maua mtini, kwa bei ya huruma, kwa mtu mwenye fedha taslimu leo. Serikali inaikataza kila mwaka na kila mwaka ada za shule zinairudisha. Kama kuna mtu mmoja duniani mwenye haki ya kuniuliza "hii itatusaidia nini", ni yeye. Hakuuliza.

Jioni ile alikuwepo pia mjomba, ambaye ni mchimbaji mdogo wa bati. Ana duara lake na wenzake wanne, moko, nyundo, karai, na pampu wanayokodi mvua zikizidi. Alikuwa na kikombe cha rubisi mkononi. Nikamsimulia vile viini viwili vya Lanzhou nikitarajia atikise kichwa kama watu wazima wanavyofanya msomi wa ukoo anapoongea. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Vilikuwa viwili tu. Viliishi muda ambao hata kope haifungi. Sasa wamejuaje kuwa ni vyenyewe?"

Nikamweleza. Kiini kinatua kwenye kigunduzi cha silikoni, na mashine inaandika mahali na wakati. Palepale, muda mfupi sana baadaye, inatoka alfa: urani-214 imekuwa thori-210. Palepale tena inatoka alfa nyingine: thori imekuwa radi-206. Kisha nyingine: radi imekuwa radoni-202. Hawa watoto na wajukuu walikuwa wanajulikana tayari. Kila mmoja ana nishati yake na muda wake. Ukiwaona wamefuatana kwa mpangilio wao mahali pamoja, umemjua mzazi ambaye hujawahi kumwona.

"Kwa hiyo wameuliza ukoo," mjomba akasema. "Kama sisi. Mgeni akifika humwulizi jina, unamwuliza ni wa nani." Akanywa. Halafu akauliza swali ambalo lilinifanya nikae sawa kwenye kigoda: "Na kama mtoto wa mtu mwingine amepita tu mahali pale kwa bahati, wakamhesabu?"

Ndugu msomaji, hilo ndilo swali. Linaitwa tatizo la ufuatano wa bahati, na watafiti wa viini vya aina hii hulifanyia hesabu kabla ya kuthubutu kutangaza lolote. Unapima ni mara ngapi alfa zisizohusika zinagonga sehemu ileile ya kigunduzi, kisha unakokotoa uwezekano wa kudanganyika. Mtu aliyeishia darasa la saba, mwenye vumbi la duara kwenye kucha, alilifikia kwa dakika kumi. Kwenye jopo, kwa dakika arobaini, hakuna aliyelikaribia. Walikuwa wanazungumza kwa niaba yake.

Hapa ndipo ninapogombana. "Mwananchi wa kawaida" amegeuzwa fimbo. Anaitwa kwenye vikao ambavyo hajawahi kualikwa, anapewa maswali ambayo hajauliza, na mahitaji yake yanaorodheshwa na watu waliomwona mara ya mwisho kwenye dirisha la gari: maji, mbolea, barabara. Mahitaji hayo ni ya kweli. Nimebeba maji, nayajua. Lakini anayesema kwamba mtu wa Kyerwa anahitaji hayo tu, kwamba udadisi ni anasa ya waliokwisha kushiba, hamtetei mjomba wangu. Anamtukana. Anasema kwamba kuna watu wa kujua na kuna watu wa kusaidiwa, na anajua wewe ni wa kundi gani kwa kutazama wilaya yako kwenye fomu.

Tazama bati lenyewe. Tangu enzi za Mwingereza bati la kwetu linachimbwa na kupimwa kwa kilo. Mjomba anajua bei ya leo, anajua dalali gani anachezea mzani, anajua jiwe la bati kwa uzito wake kiganjani kabla hajaliangalia. Kitu ambacho hakuna aliyewahi kumwambia, wala mimi sikuambiwa shuleni katikati ya machimbo hayo, ni kwamba bati ni maajabu. Lina isotopu kumi zilizo imara, nyingi kuliko elementi nyingine yoyote. Sababu ni kwamba lina protoni 50, na 50 ni mojawapo ya namba ambazo wanafizikia wanaziita za ajabu: ngazi za ndani ya kiini zimejaa barabara, kama trei ya mayai isiyo na pengo. Mwaka 2018 watafiti katika maabara ya Argonne, karibu na Chicago, walionyesha kwa mara ya kwanza mnyororo wa alfa unaoishia kwenye bati-100, lenye protoni 50 na nyutroni 50: zenoni-108 ikawa teluri-104, teluri ikawa bati. Nao pia waliona matukio mawili tu. Dunia ya fizikia ilifurahi, kwa sababu bati-100 ni kama jiwe la msingi. Ukielewa alfa inavyotoka hapo, unaelewa mengi juu yake.

Wanajiolojia wanauita mwamba wetu Ukanda wa Karagwe-Ankole. Una bati, wolframu, tantali, niobi. Jina letu limo kwenye majarida ya kimataifa. Granaiti zilizoleta bati hili zina umri wa takriban miaka bilioni moja, na namba hiyo imepatikana kwa kuhesabu urani iliyokwisha kugeuka risasi ndani ya chembe za zirkoni. Yaani kwa alfa moja baada ya nyingine, tangu kabla ya kuwa na mnyama yeyote wa kuziona. Sisemi kwamba wolframu ya Lanzhou ilitoka kwetu, sina ushahidi. Nasema kwamba tumezoea kuwa mahali ambapo vitu vinatoka, na tunashangaa mtoto wa mahali hapo akitaka kujua vitu hivyo ni nini.

Jirani zetu wa Kongo walilipitia hili kwa ukubwa wa kutisha. Mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, ulitoa madini yaliyoifanya Ubelgiji itawale soko la radi duniani miaka ya 1920. Mwaka 1942 zaidi ya tani 1,000 za mawe yake, zilizokuwa zimehifadhiwa New York, ziliuzwa kwa mradi wa bomu la Marekani. Mawe hayo yalichimbwa na kubebwa na Wakongo. Hakuna aliyeona sababu ya kuwaeleza wanabeba nini, kwa sababu kazi yao ilikuwa kubeba. Mgawanyo huo wa kazi haukuishia kwenye ukoloni. Unaishi kwenye lile boksi la fomu, ukiwa umevaa koti la maendeleo.

Najua hoja za upande wa pili, na mbili kati yake ni nzito.

Ya kwanza: kuna alfa za kushughulikia hapahapa. Granaiti ina chembe za urani. Urani huzaa radoni-222, gesi yenye nusumaisha ya siku 3.8, ambayo hukusanyika kwenye mashimo yasiyo na hewa na kutolea alfa zake ndani ya mapafu. Duara la mjomba linastahili kupimwa. Nakubali kabisa. Mwenzangu darasani anapima radoni kwenye nyumba, na nimemwahidi kwamba siku akija Kyerwa nitambebea vigunduzi na kumtafsiria. Kazi yake ikiisha, kuna Tume ya Nguvu za Atomiki kule Arusha ya kuipokea. Lakini umuhimu wa kazi yake si hoja dhidi ya kazi yangu. Hakuna anayemwambia mwanafunzi wa sheria za kimataifa aache kwa kuwa baraza la ardhi la kata lina mashauri mengi.

Ya pili inaniuma zaidi: butura. Mama aliuza maua ya kahawa ili mimi nisome, kwa hiyo nina deni, na deni hulipwa kwa kitu kinacholipa. Nimelala na hoja hii usiku mwingi. Jibu langu ni kwamba deni ni langu na mama, na nitalilipa. Nafundisha masomo ya ziada jioni na sehemu ya fedha inakwenda nyumbani. Lakini sikubali deni hilo liwe sheria ya nani aruhusiwe kuuliza nini. Likiwa hivyo, maswali ya msingi yatabaki ya watoto ambao ada yao haikuwahi kuwa ua mtini. Tutakuwa tumeandika umaskini ndani ya elimu yenyewe, na kuuita uwajibikaji.

Rafiki zangu wananishauri njia nyepesi: taja astatini. Na kweli ningeweza. Mwaka 1940 Dale Corson, Kenneth MacKenzie na Emilio Segrè, kule Berkeley, waligonga bismuthi kwa alfa wakitafuta elementi ya 85, nafasi iliyokuwa tupu kwenye jedwali. Wakapata astatini-211, isotopu yenye upungufu wa nyutroni, nusumaisha saa 7.2. Leo inajaribiwa kwa wagonjwa wa saratani, kwa sababu alfa yake huua seli iliyo jirani bila kufika mbali. Hadithi nzuri, na ni ya kweli. Ndiyo niliyoiibia sentensi yangu ya uongo. Urani-214 haitamponya mtu. Haina hata muda wa kufika wodini. Nikijitetea kwa astatini nimekubali kwamba kujua kunahitaji kibali kutoka kwa matumizi, na mwanafunzi atakayenifuata, mwenye swali lisilo na astatini ya kujifichia, nitakuwa nimemfungia mlango.

Kwa hiyo najitetea kwa ng'ombe.

H. M. Stanley alipofika Karagwe mwaka 1876 alionyeshwa nyumba ya hazina ya Omukama Rumanyika. Ndani mlikuwa na sanamu za chuma na shaba, zikiwemo za ng'ombe. Simulizi za kwetu zinamtaja Ndagara, baba yake Rumanyika, kuwa mfalme aliyekuwa mhunzi, na ng'ombe wa chuma wa Bweranyange wanahusishwa naye: pembe ndefu kupita kiasi, miguu myembamba, chuma kimenyooshwa mpaka kinakaribia kuwa mstari. Fikiria kilichohitajika. Mawe ya kuchimbwa, makaa ya kuchomwa, mivukuto, siku nzima za moto. Chuma kilekile kingeweza kuwa jembe au mkuki, na jembe na mkuki vilihitajika, hakuna anayebisha. Katika nchi iliyojaa ng'ombe wa nyama na maziwa, mtu alikaa akafua ng'ombe asiyetoa maziwa.

Siamini kwamba watu wa Karagwe walikuwa matajiri kiasi cha kuchezea chuma. Naamini walijua kwamba mhunzi anayefua majembe tu hatajua mwisho wa chuma uko wapi. Ili ujue pembe inaweza kunyooshwa hadi wapi kabla ya kukatika, lazima uinyooshe. Hata hapa najihadhari nisije nikamgeuza ng'ombe yule kuwa mazoezi ya kutengeneza majembe bora. Inawezekana walimtaka tu awepo. Na walikuwa na haki.

Hatukufundishwa hilo. Tulifundishwa kwamba sisi ni watu wa vitendo, kwamba kujua kwa ajili ya kujua ni desturi ya wageni. Ni kinyume. Tulikuwa na ng'ombe wa chuma kabla ya kuwa na fomu.

Wiki iliyopita nimewasilisha pendekezo upya. Mada ni ileile. Kwenye "Umuhimu wa utafiti kwa jamii" nimefuta saratani na viwanda, nikaandika: "Haijulikani kwa nini alfa huundika kwa urahisi kiasi hicho katika viini vizito vyenye upungufu mkubwa wa nyutroni. Utafiti huu utajaribu kujua. Mtafiti ni sehemu ya jamii." Msimamizi wangu amesoma, akaguna, akasaini. Jopo linakaa mwezi ujao, na huenda wakanirudishia tena. Nikikosa nafasi, nitakuwa nimekosa kwa sentensi ya kweli, na nitalazimika kumweleza mama hivyo, jambo ambalo si dogo.

Wewe unayejaza fomu yako usiku huu, unayesoma nahau za Kinyambo, au mizunguko ya nyota, au mende wasio na hasara kwa zao lolote, nakuomba jambo moja. Usiandike uongo kwenye boksi lile. Tukiendelea kuujaza, watauchukua kuwa ukweli, na watakaokuja baada yetu wataamini kwamba kweli hatukuwahi kutaka kujua.